Kitenge cha Vifaranga

Nilikuwa na tabia ya kujisifu kwamba mimi si mtafiti wa dodoso. Watoto niliwapa karatasi na kalamu za rangi, nikakaa nao sakafuni. "Chora mahali ambapo mwili wako unacheza na moyo unafurahi," niliwaambia watoto wa darasa la nne katika shule moja ya Rugerero, upande wa Rwanda, karibu na mpaka wa Goma. "Atakayeona ni mimi tu." Niliahidi kwa wepesi, kama mtu anayekaribisha wageni chai huku hana sukari.

Msichana wa miaka kumi alichora mechi ya mpira nyuma ya soko, yeye peke yake wa kike. Upande mmoja wa goli aliweka jiwe. Upande wa pili aliketi mtoto mdogo juu ya kitenge chenye picha za vifaranga. Nikamuuliza huyo ni nani.

"Ni mudogo wangu," akasema. "Mama iko Goma, anauzisha nyanya. Mi ndo namubeba. Nikicheza namuweka pale."

"Na mpira ukimpiga?"

"Haiwezi. Mi ndo kipa."

Nilicheka mpaka machozi. Niliupenda mno mchoro ule, na hapo ndipo nilipoharibu. Siku ya mkutano wa wazazi mwalimu mkuu aliomba kitu cha kupamba ukuta. Nikachukua michoro ya watoto, nikakata majina yote kwa mkasi, nikajiona mwangalifu kweli, nikaubandika wa kwake katikati. Yeye mwenyewe sikumuuliza.

Mama yake alisimama mbele ya mchoro kwa muda mrefu. Jina halikuwepo, lakini kitenge kilikuwa chake. Siku hiyo alikuwa amekivaa. Hakupaza sauti. Aliubandua, akaukunja mara nne.

"Madame," aliniambia, "mutoto wangu mudogo ndo poto, ile nguzo ya goli. Bon. Mi navuka mupaka kila asubui. Kesho nitavuka na roho gani?"

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto ana haki ya kucheza. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu. Niliona aibu hata kuyafikiria. Tangu siku hiyo msichana akitoka shule alikwenda moja kwa moja kwa jirani, akafungiwa ndani ya ua pamoja na mdogo wake. Wavulana walipata kipa mwingine.

Mwezi uliofuata nilirudi na karatasi zangu. Nilimwita pembeni nikamwomba msamaha, nikamwambia kwamba safari hii akitaka kuuchana mchoro wake, auchane. Alinisikiliza kwa adabu, mikono nyuma. Kisha akakaa, akachukua kalamu ya kijani, akaishika juu ya karatasi bila kuigusa.

"Madame," akauliza, "unataka nichore nini?"