Baba Mkwe Asiyepimiwa

Senene wameanguka! Usiku kucha taa za kuwanasa panzi hao watamu ziliwaka Muleba nzima, na asubuhi simu ya Immakulata ikalia kabla hajafungua hata dirisha la ofisi yake pale Miembeni. Alikuwa Gaudiosa, mteja wake muuza senene, anahema kwa furaha. "Dada, magunia yamejaa! Fungua duka!"

Duka lenyewe ni tovuti ambayo Immakulata alimtengenezea, ili wateja wa Mwanza na Dar waagize senene moja kwa moja, madalali wakae pembeni. Huu ndio msimu wake wa kwanza, na senene wabichi hawamsubiri mtu. Wasipopata wateja asubuhi, jioni wananuka.

Sasa msidhani Immakulata ni tajiri wa mitambo. Amekodi seva moja tu, kompyuta ya kutunzia tovuti, tena iko mbali, na humo amewapangisha wateja wake wote. Kila tovuti hupewa kiasi chake cha kumbukumbu, ile nafasi ambayo kompyuta hufanyia kazi iliyo mkononi. Ukijumlisha viwango vyote alivyoahidi, vinazidi alichokodi. Wala si utapeli! Hata ebitoke, ndizi zetu za kupika, hupiki za kutosha kijiji kizima, maana kijiji hakiji kula kwa mara moja. Mradi kila mmoja ana kikomo, mambo yanakwenda.

Ila mmoja hakuwa nacho. Tovuti ya ukoo, ya baba mkwe wake Mzee Byarugaba wa Kashozi, iliachwa wazi. Mke wa mtu aanze kumpimia baba mkwe? Mawe, mama yangu! Angeanzia wapi? Mkwe huandaliwa mpaka asaze.

Na mzee naye alikuwa ameokota senene. Akapiga picha, kubwa kubwa hizo, akazipakia, na ukoo mzima, kutoka Karagwe hadi ughaibuni, ukazifungua kwa mpigo. Tovuti ikavimba, ikameza kumbukumbu yote. Seva ikielemewa hivyo huzima programu moja ili nyingine zipumue, wala haiulizi mkosaji ni nani. Ikazima ile inayopokea oda za Gaudiosa.

"Dada, duka halifunguki! Wateja wanakwenda kwa wengine!" Gaudiosa sasa alikuwa analia.

Immakulata akaiwasha programu hiyo. Ikazimwa. Akaiwasha tena, ikazimwa tena. Mwishowe akamwekea baba mkwe kikomo sawa na cha wengine, akaliwasha duka tena.

Lo! Oda zikaingia mfululizo, Mwanza, Dodoma, Dar, hata akajikuta anapiga vigelegele peke yake ofisini.

Simu ikaita. Baba mkwe. Immakulata akapiga magoti sakafuni, ingawa hakuna aliyemwona.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Mbona picha zangu zinajikokota?"

Kudanganya kulikuwa rahisi: mtandao, mvua, chochote kile. Lakini akaamua kusema kweli.

"Nimekupimia, waitu," akasema kwa heshima na woga. "Tovuti yako ilijaza nafasi yote, na kuna mama wa Muleba alikuwa anashindwa kuuza senene wake."

Akamsikia mzee anakohoa.

"Senene wake wameisha?"

"Bado wengi, Tata."

"Basi nipunguzie kipimo tena, auze."