Ukoko wa Chausiku

Usiku ule nililala nikijua hakuna jambo duniani la kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, nikaanza kufyatua matofali kwa koleo la kuazima, na leo nusu ya mtaa wetu imesimama juu ya matofali yangu. Jambo moja tu lilikuwa limenishinda: binti yangu Rehema. Tangu aingie kidato cha pili alikuwa hasemi na mtu, anajifungia chumbani, na sahani yake inarudi kama ilivyokwenda. Nilimnunulia simu, nikamchongeshea kitanda cha mninga. Kimya.

Ndotoni nilikuwa najenga. Ukuta unapanda, mikono yangu haitaki kutulia. Natazama vizuri: kumbe naziba mlango wa Rehema, naye yumo ndani. Nataka kuacha, siwezi. Limebaki pengo la tofali moja.

Kwenye pengo namwona mama yangu, tuliyemzika wakati Rehema alipokuwa bado mdogo. Amekaa kwenye kigoda, anakwangua sufuria ya wali. Anauvunja ukoko vipande viwili, kama alivyokuwa akifanya enzi zake: kimoja cha mjukuu wake, kimoja cha Chausiku, rafiki ambaye hakuna aliyewahi kumwona ila Rehema mwenyewe.

"Shikamoo mama. Nishike mikono!"

Anaendelea kukwangua.

"Fundi mkubwa," anasema, "nyumba yote hii, hukuacha pa kukaa na mwanao?"

"Nimempa kila kitu, mama."

"Chausiku hakuwa na kitu. Alikuwa anakaa chini tu, anamsikiliza."

Ananinyooshea kile kipande cha pili. Tofali la mwisho liko mikononi mwangu, linashuka kwenye vidole vyake.

Nikaamka nimelowa jasho.

Kulipokucha sikwenda kwenye matofali. Niliinjika wali mwenyewe, nikauacha uungue chini. Mke wangu akacheka, "Baba Rehema, leo umejifukuza kazi?" Nikauvunja ukoko, nikaketi sakafuni mlangoni kwa binti yangu.

"Hiki chako. Hiki cha Chausiku."

Mara komeo likalia.

"Chausiku alishaondoka, baba," alisema, macho yamemvimba. "Kula wewe."

Akakaa chini, akaanza kunieleza tangu mwanzo. Sikumkatiza.

Gharama yote ya asubuhi ile: mchele nusu kilo, nazi moja na mkaa, shilingi elfu tatu na mia nne.