Kompyuta Iliyozima Kila Kikao

Aune Turpeinen alipika uji wa shule ya kijiji mpaka mgongo ukagoma. Alipostaafu, wanakijiji walimchagua diwani, kwa kuwa ni yeye aliyejua mtoto yupi kwao hakuna kifungua kinywa.

Sasa halmashauri ilitaka kuifunga shule ile ile. Watoto wapakiwe basini gizani, wakatize msitu wa theluji hadi mjini, eti kwa sababu vijiji vinakufa. Aune alilichukia neno hilo. Kijiji hakijifii chenyewe. Kinauawa kwa kura, na watu walioketi kwenye viti laini.

Madiwani walikuwa wamegawanyika katikati. Kura ya Aune ikiwepo, shule inabaki. Isipokuwepo, kura zinalingana, na mwenyekiti, aliyetaka ifungwe, ndiye anayeamua.

Nyonga yake ilikuwa imepasuliwa majuzi, hivyo alihudhuria vikao akiwa nyumbani, kwa kompyuta ya mezani. Mara mbili ilikuwa imemwaibisha: katikati ya mjadala, skrini nyeusi, na diwani asiyeonekana huhesabiwa hayupo. Fundi wa mjini alibadilisha kifaa cha ndani kinachogawa umeme, akabadilisha kipande cha kumbukumbu, akapuliza vumbi, akaiacha ikiwaka mchana kutwa. Haikuzima. Akaondoka akisema ni nzima kuliko yeye.

Jioni ya kura, Aune alikaa mbele yake kama mtu anayemlinda mgonjwa wa homa. Mumewe, Taisto, akachungulia mlangoni.

"Inapumua?"

"Usiichokoze, mzee. Nenda kafanye shughuli zako."

Taisto akaondoka kwa kunyata. Kwenye skrini, mwenyekiti Lehtola alifunga mjadala na kutangaza kura kwa mwito wa majina. Akaanza na herufi A, kwa majina ya ukoo. Turpeinen alikuwa mbali, karibu na mwisho.

Akasikia jina la nne, la tano. Kisha pu! Giza kwenye skrini.

"Lo! Taisto! Taisto, njoo!"

Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Hata feni haikuguna. Akainua macho: taa ya dari inawaka. Kisanduku cha intaneti ukumbini kinamemeta. Umeme upo, ila kompyuta haiupati.

Taisto akaingia mbio, taulo begani.

"Imefanya tena?"

"Taulo la nini?"

"Si nimekuwashia sauna, mama! Siku za kikao unatoka hapo umekakamaa kama gogo. Nikasema, akimaliza tu, aingie kwenye mvuke."

"Vikao vilivyopita pia uliwasha?"

"Sasa mke wangu ateseke hivi hivi?"

Aune alimkazia macho. Nyumba yao ilijengwa kama nyingine zote za kijijini: jiko la umeme la sauna, chumba cha kuogea mvuke, likiwaka, vipasha joto vya vyumbani hukatiwa umeme vyenyewe, fyuzi kuu isilemewe. Na Jumamosi, siku ya sauna, hakuna aliyegusa kompyuta.

"Taisto. Hii soketi ya kompyuta, umeme wake uliutoa wapi?"

"Hapo palikuwa na kipasha joto cha zamani. Nilikitoa nikafunga soketi kwenye waya wake. Mwenyewe, bila kumlipa mtu…" Sauti ikamfia. Mkono ukapanda mdomoni. "Yesu wangu."

"Kazime sauna."

"Mawe ya jikoni mwake ndiyo kwanza yanashika moto—"

"Kazime sauna, Taisto, au utalala humo!"

Alikimbia, kandambili moja ikabaki ukumbini. Kitambo kidogo, feni ikaguna. Skrini ikawaka polepole, polepole mno, kama iliyoamshwa kwa lazima. Aune aliandika nywila, akakosea, akaandika tena kwa kidole kimoja. Taisto alirudi, akasimama nyuma ya kiti akihema.

Picha ikafunguka na sauti ya Lehtola nayo.

"Turpeinen. Diwani Turpeinen hayupo. Tuendelee na—"

"Nipo!"

"Mama Turpeinen, ulikuwa umetoka."

"Nilikatika, nimerudi, na jina langu ndilo lililo mdomoni mwako sasa hivi. Uliza swali lako."

Lehtola akamgeukia katibu. Katibu, mwanamke mkimya mwenye miwani, akatikisa kichwa kumkatalia: anayeonekana wakati jina lake linaitwa anapiga kura. Ndivyo kanuni inavyosema.

"Shule ifungwe?" Lehtola akauliza, bila kumtazama.

"Hapana."

Majina machache yakabaki, yakasomwa, yakajibiwa. Katibu akajumlisha. Lehtola akaisoma hesabu kwa sauti kavu: pendekezo limeanguka kwa kura moja.

Mkono wa Taisto ukashuka begani mwa mkewe. Aune hakugeuka. Aliendelea kuitazama skrini mpaka mwenyekiti alipogonga nyundo na uamuzi ukawa hauwezi kurudishwa.