Wimbo wa Polepole na Betri za Baba Mdogo

Kaseti niliikuta kwenye mfuko wa koti. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa wote na mitumba ilipoanza kumwagika Manyoni kama mvua ya mawe, mchana nilikuwa nafungua marobota mnadani, jioni nasoma masomo ya watu wazima, na hapo katikati nalala nimesimama kama punda. Makoti yale yalitoka nchi za baridi kali, mazito kiasi kwamba ukilivaa moja kwa jua letu unaiva mpaka mifupa. Mifukoni tulikuta tiketi za mabasi ya huko, vitambaa vya pua, funguo za nyumba tusizozijua. Mimi nikakuta kaseti.

Karatasi yake ilichorwa fuvu limekaa kwenye kiti cha enzi. Majina ya vikundi vya muziki yaliandikwa kama mizizi iliyong'olewa. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliigeuza juu chini, akaniambia hiyo si lugha, ni kichaka. Maandishi madogo ya nyuma ndiyo yaliyosomeka. Yalisema huu ni mkusanyiko wa vikundi visivyo na kampuni, kila kimoja kimetoa wimbo mmoja, vimejirekodi vyenyewe, kingine ndani ya stoo ya viazi. Na muziki wao ni wa aina tatu: kifo, maangamizi na weusi.

Nikajifunza kuzitofautisha nyimbo zake. Za kifo, mtu ananguruma kutoka tumboni kama aliyemeza pikipiki. Za weusi, analia kama fisi aliyebanwa na mlango huku ngoma zinakimbia kuliko uwezo wa mikono. Za maangamizi ndizo za polepole, na ilikuwa moja tu, ya kwanza upande wa pili.

Huo wimbo mmoja ndio ulionipata. Gita zito lilipigwa, likaachwa life lenyewe, ndipo likapigwa tena. Kati ya pigo na pigo ungeweza kupalilia tuta zima la viazi. Mimi nimekulia karibu na stesheni, najua treni ya mizigo inavyoondoka ikiwa imeshiba: linavutwa behewa la kwanza, chuma kinagonga, la pili, chuma kinagonga, na wewe uliyesimama pembeni unahisi kifua chako kimefungwa mkiani. Mtu wa nchi ya theluji, asiyejua hata Manyoni iko upande gani wa dunia, alikuwa ameushika mvuto uleule. Nilitaka kujua treni ile inafika wapi. Shida yangu yote ilikuwa hiyo: kuusikia ule wimbo mpaka mwisho wake.

Redio kaseti ilikuwa ya baba mdogo, ambaye nilikaa kwake. Umeme haukufika nyumbani, na betri alikuwa analala nazo mfukoni. Jioni alizitia, tukasikiliza taarifa ya habari, halafu aliniachia nafasi kidogo kabla sijaenda darasani. Siku ya kwanza gita la polepole lilipigwa, mwimbaji akaanza kunguruma, baba mdogo akanyoosha mkono akazima.

"Betri zimekwisha."

"Hazijaisha, baba. Hiyo ndiyo sauti yake."

"Sauti ya nani? Hakuna binadamu mwenye sauti hiyo. Hiyo ni betri."

"Mbona taarifa ya habari imesikika vizuri sasa hivi?"

"Taarifa ni kusema tu. Kaseti inazunguka. Wewe ukisema na ukizunguka, kipi kinakuchosha?"

Sasa utamjibu nini mzee aliyefanya kazi reli miaka yote? Na hakuwa peke yake. Kwetu kila mtu alijua betri zikichoka mwimbaji anakuwa mzito, kwaya ya akina mama inageuka ya mafahali. Kwa hiyo alizitoa, akaziuma moja moja, na kesho yake akazianika kwenye bati, zilale juani pamoja na vipande vya maboga. Jioni nikauanza wimbo tena.

"Hata jua halijazisaidia," akasema, akazima.

Mama mdogo akapaza sauti kutoka jikoni. "Mwanangu, huyo anayeimba ana pumu?"

"Hana, mama."

"Basi mpe maji."

Nikamweleza baba mdogo, kwa heshima zote na kwa elimu yangu yote ya jioni, kwamba kule kwao huu ni muziki unaoheshimika, unaitwa muziki wa maangamizi, ndugu wa muziki wa kifo.

"Kifo cha betri," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Ikawa hivyo wiki hadi wiki. Nilinunua hata betri mpya kabisa, nikazifungua mbele yake. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema biashara huria imeleta betri za uongo. Nakwambia, nilitamani kuila ile redio.

Mjini kulikuwa na fundi wa kaseti, mwenye kibanda chenye umeme. Kazi yake ilikuwa kunakili kwaya na dansi, na foleni yake ilifika Dodoma. Nikamwomba anipigie wimbo mmoja tu, mpaka mwisho. Akaonja mwanzo wa kila upande, akakunja uso kama daktari.

"Kijana, hii kaseti yako ina maradhi mawili. Upande huu inakimbia. Upande huu imevutika."

"Haijavutika, fundi. Ndivyo ulivyo."

"Watu wote wanasema hivyo. Niachie, uje kesho."

Nilipaswa kuichukua na kukimbia. Lakini alikuwa na umeme, nami nilikuwa na njaa ya ule umeme, nikamwachia.

Kesho yake akanikabidhi huku anang'aa. Alikuwa amekata utepe pale ulipokuwa mzito, akaunganisha kwa gundi na rangi ya kucha, kiungo safi kiasi kwamba hata mjusi asingekihisi. Akaiweka kwenye mashine. Gita likapigwa mara moja, na papo hapo akadakia mtu wa weusi anapiga kelele za fisi.

"Umesikia?" fundi akasema. "Imepona."

"Kipande ulichokata kiko wapi?"

"Kile kibovu? Nimempa mama anayeniletea maziwa. Ana mtama ng'ambo ya reli."

Wanaolima wanaelewa. Utepe wa kaseti ukiufunga kwenye vijiti juu ya mtama na kuukaza, upepo ukipita unavuma, na ndege wanaogopa kushuka. Nikavuka reli kwa mwendo ambao treni ingeona aibu. Nikamkuta mama yule ameketi kivulini kwa raha zake, na wimbo wangu umetandazwa shamba zima, kutoka kijiti hadi kijiti, unametameta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote kabla yake.

"Zile za kwaya ndege wamezizoea," akasema. "Wanatua juu yake, wanajisafisha. Hii wanaiogopa. Ukiifungua, utakaa wewe hapa uwafukuze?"

Huo mtama ndio ugali wake. Akaniahidi nitaupata utepe wangu akishavuna. Nikasogea kwenye kijiti cha karibu, nikatega sikio. Ulivuma sauti moja nene, isiyopanda wala kushuka. Ningependa kusema niliutambua wimbo. Sikuutambua. Ulikuwa upepo.

Siku ya kukata mtama nilifika kabla ya wenye mundu. Jua lilikuwa limeshaula utepe. Unga wa kahawia, ule unaoshika sauti, ulibanduka vidoleni, na utepe uliobaki ulikuwa kama ngozi ya kitunguu, unaona mawingu ng'ambo yake. Niliukusanya wote hivyohivyo, nikawa nimeshika kitita cha kitu kisicho na kitu.

Mama akafunga mzigo wake, akaniuliza kama ninayo nyingine ya namna ile, kwa msimu ujao.

"Ilikuwa moja tu, mama," nikasema. "Na mwisho wake siujui."