Choo cha Mama Mkwe

Aliyemwachia baba ile karavani ni Mzungu mmoja, mhandisi wa mgodi. Kampuni ilipoanza kudorora, mashine zikasimama na mishahara ikawa hadithi, Wazungu walifunga masanduku wakaenda zao, na kila mmoja aliacha kitu kwa mtu aliyefanya naye kazi. Wengine walipata friji, wengine walipata mbwa. Baba alikuwa makanika wa garaji, akapata karavani ya kukunja. Ikiwa imefungwa, lilikuwa sanduku la chini lenye magurudumu mawili. Ukizungusha mkono wake wa chuma, paa linapanda, kitambaa kinakunjuka pande zote, na vitanda viwili vinachomoza, kushoto na kulia. Yule Mzungu alikuwa akienda nayo ziwa la Nzilo pamoja na mkewe, wanalala porini kwa hiari yao, na nyumba yao ya matofali wameiacha mjini imefungwa kwa kufuli. Sisi tulidhani ni ugonjwa.

Ndani yake mlikuwa na choo. Kilikuwa sanduku la plastiki lenye kiti na kifuniko, na chini yake tangi unalolichomoa ukamwage mbali. Kulikuwa na dawa ya buluu ya kuua harufu. Baba alikipenda kile choo kuliko karavani yenyewe. Jumapili baada ya misa, uani kwetu Manika, alikuwa anaikunjua karavani, anawaonyesha wageni choo, halafu anaikunja tena. Hakuna aliyeruhusiwa kukitumia. Choo cha shimo tulikuwa nacho nyuma ya nyumba, na kitu cha safari, alisema baba, ni cha safari.

Safari ikaja. Sisi ni watu wa Kasai. Babu yake baba ndiye aliyeletwa kuchimba shaba, baba akazaliwa Kolwezi, mimi nikazaliwa Kolwezi, lakini wenyeji walipoanza kutufukuza tuliambiwa turudi kwetu. Huko kwetu nilikuwa sijakuona hata kwenye picha. Vijana waliokuja kututoa walikuwa wateja wa maandazi ya mama, na mmoja wao, mwenye rungu mkononi, aliniuliza kwa adabu kama bado yapo. Nilimwambia yamekwisha. Yalikuwapo, nimeyafunga kwenye kitambaa, na nilifurahi kumnyima. Mpaka leo nafurahi.

Tulijaza vyombo ndani ya karavani, tukaisukuma mpaka stesheni. Pale palikuwa na umati wa watu kama sisi, wakisubiri treni ambayo kila asubuhi ilisemekana imekwama Lubudi. Familia moja iko chini ya shuka, nyingine chini ya turubai, nyingine imelaza kabati chali na kuwalaza watoto ndani. Baba akazungusha mkono wa chuma wa karavani, paa likapanda, vitanda vikachomoza. Watu walisimama kututazama, nami nikajisikia binti wa mkubwa fulani, ingawa tangu asubuhi nilikuwa nimekula andazi tu.

Kilichotushinda ni Kaku. Ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake mama. Alikuwa anaishi kwa mjomba, upande mwingine wa mji. Mjomba aliondoka na treni ya mapema, Kaku akakataa kupanda kwa sababu kuku wake alikuwa anaatamia. Mayai yalipoanguliwa treni ilishakwenda, wale vijana wakachukua kuku na vifaranga, na Kaku akaletwa kwetu stesheni.

Sasa, kwetu mume wa binti na mama mkwe hawazoeani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawakalii kiti kimoja hata kwa zamu, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na ni heshima inayotaka nafasi kubwa. Mjini ilipata nafasi yake. Kwenye karavani ya kukunja ilikosa. Baba alihamia chini, kati ya magurudumu, pamoja na wadogo zangu, na sisi wanawake tukalala juu. Mazungumzo yao yote yalipitia kwangu.

"Ambia mukwe yangu, moshi ya ile moto inaingia humu," Kaku alisema, amempa baba mgongo.

Baba alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Alitazama reli, akasubiri.

"Baba, Kaku anasema moshi unaingia."

"Ambia mama, nitasogeza moto."

Na Kaku, ambaye masikio yake hayakuwa na tatizo lolote, akaniuliza, "Anasema nini?"

Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, nilikuwa na cheti, na kazi yangu ya kwanza ikawa hiyo.

Kuhusu haja, pale stesheni mtu alikuwa na mahali pa kuchagua, ingawa si pa kufurahia. Mapadre walichimbisha handaki nyuma ya ghala, wakalizungushia magunia, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, lakini njia ya kufika ilikuwa moja na foleni ilikuwa moja. Kulikuwa pia na nyuma ya mabehewa mabovu. Wenye haraka walikwenda huko, na baada ya muda hukuhitaji kuuliza ni wapi, pua ilikupeleka. Mama mmoja alikuwa akienda na mwavuli, anaufungua anajificha nyuma yake, asijue kwamba sisi wote tuliutambua ule mwavuli na tulikuwa tunamsalimia kupitia huohuo. Halafu kulikuwa na choo chetu.

Baba angeweza kukikabidhi kimya kimya kwa wanawake, mambo yakaisha. Lakini alikuwa ameingojea siku hiyo miaka mingi. Siku ya kwanza tu ya Kaku pale aliwaita majirani, akawaeleza tangi, akawaeleza dawa ya buluu, kisha, ili waone uimara wake, akakikalia. Kifuniko kilikuwa kimefungwa na suruali yake ilikuwa na mkanda, lakini alikikalia. Kaku alimwona kutoka kitandani. Akageukia kitambaa cha karavani, na nikajua kwamba kwake yeye kile choo kimeshakufa. Ni kiti alichokalia mkwe wake.

Basi Kaku akachagua handaki la mapadre. Na huko, katikati ya foleni, akakutana na baba uso kwa uso. Baba alikuwa na kopo la maji mkono mmoja na kipande cha mfuko wa saruji mkono wa pili, na kila mtu anajua kipande cha mfuko wa saruji ni cha nini. Majani ya kuingilia hayakuwapo. Mbele watu, nyuma watu. Baba alifumba macho akabaki amesimama hivyo na kopo lake. Kaku alijifunika kichwa kwa kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, akageuka, akarudi kwenye karavani akishikilia kuta za ghala.

Tangu hapo, kila nilipompa maji alisukuma kikombe.

"Mi sina kiu."

Jua lilikuwa kali, vumbi la Kingamyambo, lile la mabaki ya mgodi, lilikuwa linatukaukia midomoni, na yeye hana kiu. Bukari, ugali wetu, alikula kidogo tu, ya adabu. Asiyekunywa hana la kwenda kutoa, hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Midomo ikampasuka. Akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Jirani yetu mmoja, nesi, aliyekuwa anaishi chini ya turubai la pembeni, alimvuta ngozi ya mkono, akaiona inabaki imesimama.

"Huyu mama amekauka," alimwambia mama. "Kama hanywe, treni haitamukuta."

Mama alilia. Mimi nilikasirika, kwa sababu nikiogopa huwa nakasirika. Nilimwambia Kaku maneno ambayo mjukuu hasemi. Nilimwambia watu wanafukuzwa makwao, watoto wanazikwa kando ya reli, na yeye anataka kufa kwa ajili ya kiti.

Hakunigombeza. Alisema taratibu, "Nyumba balikamata. Kuku balikamata. Hii heshima hapana. Hii haibaki mu stesheni."

Nilimfuata baba chini ya karavani, nikamweleza yote bila kuzunguka. Mkwe hawezi kuzungumzia tumbo la mama mkwe. Aliinuka, akatembea kando ya reli mpaka nikamwona mdogo, akarudi, akamnong'oneza mama. Na mama, aliyekuwa hajacheka tangu tutolewe nyumbani, akaziba mdomo kwa mkono.

Kwa desturi, kitu ambacho mkwe amempa mama mkwe kwa heshima, mbele ya watu, si chake tena. Hakigusi, hakiulizii, na yaliyopita juu ya kitu hicho yamefutika. Mbuzi wa zawadi hakumbukwi alilala zizi la nani. Baba aliona kwamba kama sheria hiyo inamtosha mbuzi, itakitosha na choo.

Tulikisugua kwa majivu, tukakisugua kwa sabuni, tukamalizia dawa yote ya buluu iliyobaki. Mama alikifunika kwa kikwembe chake cha ndoa. Zawadi ya mkwe inahitaji msemaji, na baba akamwomba karani mmoja wa zamani wa kampuni, mtu wa maneno mengi na koti. Majirani wakaalikwa. Baba alipiga magoti nyuma ya karani, uso ameugeuzia reli.

"Mama," karani alianza, "hizi siku ni mubaya. Lakini mutoto yako hakusahau kama ulimupa muke. Analeta hii kiti." Hapo nadhani alikuwa ameandaa hotuba yake kabla ya kuambiwa ni kiti gani, maana aliendelea tu. "Ukae juu yake na moyo mweupe. Ukikaa, ukumbuke mukwe yako."

Nesi aliuma pindo la nguo yake. Yule mama wa mwavuli aligeuka, mabega yakimtikisika. Baba, kule nyuma, masikio yalikuwa yanamwaka.

Kaku alikuwa ameegemezwa kwenye gurudumu, macho yameingia ndani. Desturi inataka zawadi isipokelewe upesi, mtu asionekane mlafi, na yeye, hata akiwa katika hali ile, hakuiruka hatua hiyo. Alisema hakusikia vizuri. Karani akarudia yote, pamoja na moyo mweupe. Mama akanishika mkono kwa nguvu. Tulimtazama Kaku, hatuna uhakika. Kisha akapiga makofi madogo, viganja vikigusana bila sauti, kama wanavyoshukuru kwao.

"Nimepokea," alisema. "Munipe mayi."

Alikunywa kikombe cha bati, akaomba kingine, na nesi akawa anamzuia, polepole mama, polepole. Mama alilia tena. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Baada ya hapo Kaku alikuwa mwenye mali. Choo kiliwekwa nyuma ya pazia kwenye kona yake, na bibi wote wa stesheni wakaanza kuja kumjulia hali, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akikaa muda kidogo kumjulia hali nyuma ya pazia. Alijua habari zote za stesheni kabla ya mapadre. Dawa ya buluu ilikuwa imekwisha, mama akaweka bulu ya kufulia, haikusaidia pua lakini rangi ilibaki ya heshima. Kumwaga tangi ilikuwa kazi yangu. Zawadi ilikuwa ya Kaku, tangi lilikuwa langu. Baba alienda handaki na kipande chake cha mfuko wa saruji, kifua mbele, mtu aliyempa mama mkwe kitu.

Treni ilifika mchana. Yalikuwa mabehewa ya mizigo, hayana viti wala choo, na tukaambiwa kila mtu apande na kile tu ambacho mikono yake inabeba. Baba aliikunja karavani vizuri, kona kwa kona, akaiacha kando ya ghala bila kuitazama tena. Mama alimshika Kaku, ambaye bado alikuwa anayumba. Wadogo zangu walibeba sufuria na blanketi. Mimi nilikuwa na gunia la unga kichwani. Baba alikuwa na sanduku lake la spana, alilolijaza kidogo kidogo tangu akiwa mwanafunzi wa garaji, na ambalo lilikuwa maisha yetu huko tunakokwenda. Makanika asiye na spana ni mtu mwenye maoni tu kuhusu magari.

Choo kikabaki chini, peke yake.

"Kiache," Kaku aliniambia. "Safari si refu."

Safari ilikuwa ndefu, na kila mtu alijua hivyo, na mimi nilijua Kaku angeimaliza vipi. Nilimwambia mama, kwa sauti ili baba asikie, kwamba Kaku hatakunywa tena. Baba hakuweza kukigusa choo. Alikitazama, akalitazama sanduku lake. Kisha akaliweka chini, akaja kwangu, akalitoa lile gunia kichwani mwangu akaliweka kichwani mwake. Akalishika kwa mikono miwili, sanduku la spana likabaki chini. Mikono yangu ikawa mitupu, nikabeba choo.

Ndani ya behewa tulibanana mpaka miguu haikujulikana ni ya nani. Mama na nesi walishika kikwembe kwenye kona, Kaku akawa nyuma yake, na baba amesukumwa na watu mpaka akawa ameegemea ukuta wa kona ileile, amempa mgongo. Treni ilipokwisha kutoka mjini, Kaku aliniita.

"Ambia mukwe yangu, niliona kile aliacha."

Baba alisikia kila neno. Alisubiri. Nikamgeukia, nikamwambia, "Baba, Kaku anasema aliona ulichoacha."

"Ambia mama, anywe mayi."

Nikamwambia. Kaku akatoa mkono kando ya kikwembe, akapokea kikombe.