Nani Asimame Mlangoni

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, lakini hakuna mtu Tunduma anayeujua mwanga kama mimi. Nasema bila aibu. Nilitoka Itaka juu ya magunia ya kahawa, nikashuka Mlowo nikabeba mizigo, kisha nikaingia mpakani na kamera ya filamu niliyoinunua kwa Mzambia mmoja aliyekuwa na haraka ya kurudi kwao. Leo nina jengo la ghorofa. Chini studio, juu vyumba vya wageni, na maji ya moto hayajawahi kugoma. Waulize madereva wa malori, watakuonyesha kwa kidole.

Kwa hiyo kiangazi kile, nilipoona alama za X nyekundu kwenye kuta za mtaa wa zamani, sikukaa kulalamika kama wengine. Barabara inapanuliwa, nyumba za karibu zitaondoka, habari ndiyo hiyo. Mimi nikajiambia, mtaa huu utahamia ukutani kwangu. Kila chumba cha wageni picha moja, na mapokezi picha kubwa kuliko zote, ili mtu akiingia ajue kwamba mji huu haukuanza na maghorofa ya juzi.

Na mtaa wenyewe ulivyo mzuri! Nyumba za matofali yaliyogeuka rangi ya chai, maduka yenye milango ya mbao inayotolewa ubao mmoja mmoja asubuhi, mabati yaliyoiva kutu, mabaraza ya saruji yanayong'aa kwa kukaliwa na watu miaka na miaka. Mwezi wa kumi, mvua haijafika, foleni ya malori inasaga vumbi tangu alfajiri. Jua likianza kushuka lile vumbi linaushika mwanga, mtaa wote unakuwa kama umechovywa kwenye asali. Wengine wanaona uchafu. Mimi nikiliona vumbi lile mikono inaniwasha.

Jumamosi moja nikavaa kizibao changu chenye mifuko kumi mahali pa miwili, nikabeba kamera mpya, ile kubwa, pamoja na stendi yake ya miguu mitatu, nikaenda. Nilipiga picha mlango wa kwanza. Nikapiga dirisha. Nilipoinama kupiga ngazi za duka la zamani la chumvi, nikasikia sauti ya fundi cherehani, yule ambaye mdomo wake unafanya kazi kuliko cherehani yenyewe.

"Hongera bosi! Kumbe tenda umepata wewe?"

"Tenda gani?"

"Ya tathmini! Wamekupa picha za tathmini!"

"Sijapewa tenda yoyote. Napiga picha zangu."

Akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Mtu mwenye tenda lazima akatae."

Basi, hapo ndipo mambo yalipoharibika, au niseme yalipoanza kunoga. Inabidi uelewe kwamba kwa watu wenye X ukutani, picha mbele ya nyumba si jambo la mchezo. Watathmini wakija, mwenye nyumba anasimama mlangoni ameshika kibao chenye jina lake, anapigwa picha, na kuanzia hapo nyumba imeshapata mwenyewe. Aliyesimama ndiye atakayelipwa. Asiyesimama atazunguka maofisini mpaka viatu viishe.

Kwa hiyo habari ilipita mtaani haraka kuliko bodaboda. Nageuka, mzee wa duka la pembejeo amevaa koti. Nageuka tena, mama mmoja na mwanawe wanasukuma makochi nje ili nyumba ionekane na vitu. Jirani yao anachimba vishimo mbele ya genge lake anachomeka miche ya parachichi, imenyauka tayari, maana kila mti una thamani yake. Watu wamekata maboksi, wameandika majina kwa mkaa. Mtaa wangu wa asali unageuka ofisi mbele ya macho yangu, nami nabofya tu, nacheka. Hata hivyo nilikuwa naiogopa nyumba moja.

Ilikuwa nyumba yenye baraza refu kuliko zote. Hapo ndipo nilipopanga chumba cha nyuma nilipofika Tunduma sina hata godoro. Mwenyewe ni mama mmoja mjane, Mnyiha mwenzangu, anayeuza chai na maharage ya kupimwa. Marehemu mumewe alikuwa utingo wa malori, wiki nzima yuko barabarani. Nyumba aliijenga mama. Nimemwona kwa macho yangu akikanyaga udongo kwa miguu, akikandika ukuta wa nyuma huku mtoto yuko mgongoni. Lakini tangu X zipakwe, mdogo wake marehemu, mtu wa Mkwajuni anayejitia mambo ya dhahabu, alianza kuja kila mara akisema nyumba ni ya ukoo na mwanaume ndiye wa kusimama mlangoni. Akisimama yeye, mama hana pake. Atafungasha akazeekee kwenye majumba ya wakwe wa watoto wake. Mtaa mzima ulilijua hilo.

Nilipofika, mama alikuwa ameshasimama, kitenge kipya, kitambaa cha kwaya kichwani.

"Mwanangu, piga haraka. Nasikia yuko njiani."

"Mama, hizi si za tathmini. Ni za kwangu."

"Piga tu. Ya kwako nayo ni picha."

Sijaweka sawa stendi, bodaboda ikafunga breki. Shemeji mtu akashuka na suti nyeusi na tai, katika jua lile! Vumbi limemkaa kwenye nyusi.

"Simamisha hapo! Nyumba ya kaka yangu haipigwi picha na mwanamke peke yake."

"Karibu shemeji," mama akasema. "Za Mkwajuni?"

"Za Mkwajuni baadaye. Sogea."

Akajitia katikati ya mlango, kifua mbele. Mama akasogea kulia, akarudi katikati. Shemeji akamziba kwa bega. Mama akapita kushoto. Wakawa kama mbuzi wawili kwenye geti moja, hakuna anayempisha mwenzake, na hakuna anayetaka kuonekana anasukuma.

"Suti hiyo umeazima kwa maiti?" fundi cherehani akapiga kelele. "Jasho limefika kwenye soksi, baba!"

Watu wakaangua kicheko, lakini mama hakucheka. Na mimi, ambaye nimepanga watu kwenye harusi zilizokuwa zinakaribia kuvunjika, nimewapanga mpaka maaskari waliokuwa wamenuniana, nikajua la kufanya. Nikapanda juu ya kreti la soda.

"Sikilizeni! Kwa mara ya mwisho, mimi sina tenda. Nataka Jumamosi ya kawaida ya mtaa huu, picha moja, wote ndani. Kila mtu akae pale anapokaaga Jumamosi saa hizi, ashike kile anachoshikaga. Mwenye boksi lenye jina namtoa nje."

Wakatii. Diwani anaongea watu wanasinzia, mimi naongea watu wanakimbia. Makoti yakavuliwa. Makochi yakarudi ndani. Miche ya parachichi ikang'olewa. Fundi akarudi kwenye cherehani yake. Mama akaenda pale kwenye baraza ambapo saruji imebonyea kidogo kwa kukaliwa naye, akakaa, akaweka ungo mapajani, akaanza kuchambua maharage. Jirani yake akaja akakaa ngazi ya chini yake, akalaza kichwa kwenye goti lake kama wafanyavyo siku zote wakisukana, halafu akakumbuka kuna ungo, wakasogezana. Dereva mmoja wa lori, mzoefu wa chai ya pale, akapanda barazani akamwita mama kwa lugha ya kwao.

"Bamayo, kikombe changu?"

"Dirishani, kile cha bluu," mama akajibu bila kuinua macho.

Mtaa ukatulia. Mwanga ulikuwa umefika pale pale nilipoutaka. Aliyebaki wima katikati ni mmoja tu.

"Na mimi nikae wapi?" shemeji akauliza.

Fundi akashindwa kujizuia. "Wewe Jumamosi saa hizi si uko Mkwajuni?"

Jamani, mtaa ulicheka mpaka lori lililokuwa linapita likapiga honi. Shemeji akanikodolea macho mimi. Nikamwambia kwa heshima zote, "Mzee, popote unapokaaga." Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaamua kuegemea mlango, kwa pozi, mkono mfukoni.

"Usiegemee!"

Tulipiga kelele wote kwa pamoja, wanawake, dereva, mpaka mimi, maana kila aliyewahi kuishi mtaa ule anajua bawaba ya juu ya mlango ule ilikatika zamani. Amechelewa. Mlango ukazunguka naye, tai ikaruka begani, akadakia nguzo.

Mama akaweka ungo chini. Nilidhani sasa atamsema, na angemsema nani angemlaumu? Akainuka, akamkung'uta vumbi mgongoni, akavuta kiti cha mbao karibu na dirisha.

"Pole shemeji. Kaa hapa. Wageni huwa tunawakalisha hapa."

Alilisema kwa upole, kama anavyomwambia kila mtu anayefika kwake. Nilimwona shemeji akilimeza lile neno. Akalegeza tai. Akakaa.

Nikabofya! Nikabofya tena na tena. Mwanga, vumbi, ungo, kikombe cha bluu, fundi ameshika mkasi hewani, na yule bwana wa suti kwenye kiti cha wageni amepewa chai. Hiyo ndiyo iliyoko mapokezi kwangu sasa. Wageni wanasimama mbele yake kabla ya kuuliza chumba.

Watathmini wenyewe walikuja kabla mvua hazijaanza. Nami nilikwenda, ningeachaje? Shemeji alikuwepo, safari hii na shati la kawaida, amesimama ng'ambo ya barabara kati ya watu. Afisa akafika barazani, akauliza mwenye nyumba ni nani. Macho yote yakavuka barabara kumwangalia yule bwana.

Alikohoa. Akajikuna shingo.

"Ni shemeji yangu huyo hapo," akasema. "Muulizeni yeye."

Mama akakisogelea kibao kana kwamba kinaweza kumkimbia, akakishika kwa mikono miwili, akasimama mlangoni. Wakamwambia asicheke. Alicheka. Mpiga picha wao akainua kamera, na mimi nikaona jua linamkata mama uso nusu kwa nusu.

"Sogea kushoto kidogo," nikamwambia yule mpiga picha.

Akanitazama juu mpaka chini, huyu naye ni nani.

"Sogea bwana, utamharibia!"

Akasogea.