Kinyago Ndani ya Friza ya Mama

Chuoni, kwenye kozi ya kuhifadhi vitu vya makumbusho, somo la kwanza lilikuwa kutazama. Kabla hujagusa, tazama. Kabla hujatibu, tazama tena. Mgonjwa wangu wa kwanza akafika kwetu Masasi amefunikwa gubigubi kitambaa cheusi cha kaniki, nami nikakatazwa kumfunua.

Alikuwa lipiko, kinyago anachovaa mwanaume kichwani na kucheza nacho vijana wanapotolewa jandoni, na wanawake humkimbia. Kilikuwa cha mjomba wangu wa Kitangari, kaka yake mama, naye alikirithi kwa mjomba wake. Dumuzi walikuwa wamekiingia. Kila kiliposogezwa unga wa mti ulimwagika, na mjomba alishaandaa salfa iliyobaki ya mikorosho ili akinyunyizie. Nilimpigia kelele kwenye simu, kisha nikamwomba radhi, maana mjomba hapigiwi kelele. Salfa ni ya ukungu wa mikorosho. Dumuzi haiwafanyi kitu.

"Haya, mtibu wewe uliyesomea," alisema alipokileta. "Ila akiwa hajavaliwa, mwanamke hamtazami. Usimfunue."

"Sawa, mjomba. Na nywele zake zimeshikwa na nini?"

"Hayo ya wanaume."

Na hilo ndilo nililohitaji kujua. Njia niliyoijua ni ya baridi: unakifunga kitu kwenye nailoni, unabana hewa yote itoke, unakigandisha mpaka wadudu wafe pamoja na mayai yao. Mti huvumilia. Nta ya nyuki, ambayo wachongaji wengine hubandikia nywele, haina hakika; hukakamaa, ikaachia ilichoshika. Nilipapasa juu ya kaniki nikasikia pua, midomo, na utosini nywele. Kama ni nta, ningekiharibu mwenyewe. Nikikataa, mjomba atarudi kwenye salfa yake na dumuzi watamaliza kazi. Nikakigandisha.

Friza ilikuwa ya mama, ya barafu za ubuyu anazouza. Alizitoa zote bila kuuliza, akagawia watoto wa jirani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Huyu wako kaja mwenyeji afe njaa."

Lakini hata yeye hakuigusa ile friza bila kubisha hodi kwenye mfuniko. Nilicheka, kisha nikajikuta nami nabisha.

Umeme wa kwetu unajulikana. Kila ulipokatika na friza kunyamaza nilisimama palepale nilipo, kijiko au ufagio mkononi, nikisubiri mngurumo urudi. Nilikunja mablanketi juu ya mfuniko. Niliogopa dumuzi wasife, na niliogopa kuwa kilichokufa ni kinyago. Mtu mwingine angefungua achungulie kidogo tu, nani angejua? Wazo hilo lilinijia mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Sikufungua, na sikulala vizuri.

Wiki mbili zilipopita, mjomba alikuja asubuhi. Nilikuwa nimekitoa na kukiacha ndani ya nailoni mpaka baridi imwishe. Alikichukua, akaingia nacho chumbani, akafunga mlango. Mimi na mama tukakaa chini ukumbini. Nilisikia nailoni ikichanwa.

"Mjomba?"

"Subiri."

Mama alinishika goti.

"Dumuzi wamekufa," mjomba alisema kutoka ndani. "Unga haumwagiki. Hayo mengine nikwambie kweli, au nikupoze?"

"Kweli, mjomba."

"Nywele zimebanduka upande mmoja. Nta imeachia."

Nililia. Sikujali kama ananisikia. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu asiyezoea kumwuliza mtoto: "Sasa inarudishwaje?"

Nikamwelekeza nikiwa nje ya mlango. Nta isiwekwe motoni. Iwekwe kwenye kopo, kopo likae ndani ya maji ya moto. Asipake nyingi. Abonyeze kwa kitambaa, asibonyeze kwa kidole. Mama alichemsha maji, na nilipopitisha sufuria mlangoni niligeuza uso nikafumba macho, naye mama akautazama ukuta.

"Imeyeyuka yote?" niliuliza.

"Yote."

"Nywele zimelala kama zamani?"

"Wewe utajuaje za zamani zililalaje?" alifoka. Kisha akapoa. "Zimelala."

"Usinionee huruma, mjomba."

"Nikuonee huruma?" Nilimsikia akifunga kaniki upya. Alitoka amekipakata kifuani. "Huyu mwaka huu anatoka na vijana wetu. Nawe utamkimbia kama wanawake wenzako."

"Nitamkimbia, mjomba."

Nilisema kweli. Nitakimbia na kupiga yowe pamoja nao, na kati yao wote nitakuwa mimi peke yangu ninayegeuka nyuma kuangalia kama nywele bado zimeshika.